Miaka Sita Niliyokuwa Dada

Kambini, 4 Machi

Wifi yangu,

Shikamoo ya utani kwanza, maana najua unapenda kukumbushwa kwamba umenizidi miezi minne. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umesimama mbele ya ile pasi yenu ya mvuke. Simu nimeiacha makusudi. Tukipigiana wewe unalia, mimi nalia, salio linakata kabla hatujasema la maana. Kwenye karatasi angalau nitapenga kamasi bila wewe kunisikia.

Huku tunasogeza siku. Kidoti amemaliza mtihani wa muhula na anakusalimu sana. Chuo cha uuguzi kimemkondesha miguu na kumnenepesha mashavu, sijui wanawalisha nini. Makuruta wapya wameletwa, na kila mmoja kapewa suruali ya mtu mwingine, kwa hiyo meza yangu imejaa mapindo. Jicho la kulia bado linanisumbua. Daktari wa hospitali ya kambi anasema ni presha ya macho, na la kushoto limeanza kulifuata. Natia matone asubuhi na jioni.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako amefungua kesi ya talaka. Sikuandikii ili umrudishe. Amehamia chumba cha nyuma ya kantini, na kule alikotoka, kituo chake cha mwisho, kuna nyumba nyingine yenye mapazia aliyoyachagua mwenyewe. Mtu ambaye kwangu hajawahi kuchagua hata sufuria. Nimechoka, wifi. Anayetaka kwenda aende.

Kinachoniweka roho juu ni kadi ya matibabu. Wakili wa msaada wa kisheria ni binti mdogo mwenye miwani mikubwa, lakini anajua anachosema. Anasema pensheni itagawanywa kufuatana na miaka ya ndoa iliyomkuta mume kazini. Na mke aliyetimiza miaka ishirini na askari ndani ya utumishi wake anabaki na kadi ya hospitali ya jeshi hata akiachwa. Mimi na kaka yako tuna miaka ishirini na moja. Kwenye karatasi za jeshi tuna kumi na mitano.

Wakili ameniambia niyaandike yote kwa mpangilio, kwa hiyo nivumilie nikikusimulia unayoyajua. Kuruta alikuwa haruhusiwi kuoa mpaka afikishe miaka yake ya kazi. Kaka yako hakuweza kusubiri, enzi hizo alikuwa na haraka na mimi. Tukaoana sebuleni kwa baba yenu, mbele ya wazee wawili ambao sasa ni marehemu, na wewe. Ukaniazima kitambulisho chako nipite getini, nikaandikwa dada yake. Miaka sita nikawa dada. Mpaka yule koplo wa pengo akaleta posa, na mume wangu ikabidi akae naye kwenye benchi na kumwambia familia itafikiria! Uchungu wa Kidoti ulinikuta humo humo kambini siku ya kutembelea, hospitali ya kambi wakanipokea kwa kitambulisho chako, na mtoto akaandikwa wako. Ukamlea, mimi nikiwa nalala kwenye chumba cha fundi chenye vyerehani vinne na godoro moja, hadi ruhusa ilipotoka tukaenda kufunga ndoa ya serikali kama watu waliojuana juzi.

Kaka yako sasa anaiambia mahakama kwamba ndoa ni hiyo ya serikali tu. Shahidi aliyebaki hai ni wewe. Naomba uje useme.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi,

Barua nimeipata. Tuko wazima. Mashine ya kukaushia imekufa tena, shuka za wodi zote tunaanika uani, na mvua za safari hii zinatuchezea. Tukianika inanyesha, tukianua jua linawaka. Mkuu wa hospitali amepita akasema wagonjwa wanalalamika shuka zinanuka unyevu. Nikamwambia na mimi nanuka unyevu.

Mwambie Kidoti viatu vyeupe vya kazini nimepata, namba yake hasa. Vina kisigino kifupi, havitamuumiza akisimama. Nitavituma kwa mtu anayekuja huko.

Usishone kwa taa ya kibatari umeme ukikatika. Unaliona tundu la sindano vizuri?

Kaka alipiga simu. Alisema nisijiingize.

Hilo la mahakamani nimelisoma. Acha kwanza nipumue.

Wifi yako


30 Aprili

Wifi,

Umeshapumua?

Nisamehe, naanza upya. Habari za kazi, habari za nyumbani, habari za mashine. Sisi hatujambo. Viatu vimefika na Kidoti anavivaa hata ndani ya nyumba, nasikia ko, ko, ko kutoka jikoni mpaka chumbani. Amesema umeotea kama kawaida yako, mimi mwenyewe sikumbuki namba ya mguu wake.

Tundu la sindano silioni. Natungiwa uzi na mtoto wa jirani, kisha nashona kwa kupapasa. Nilipogeuza kichwa juzi ili nichukue mkasi nikammwagia mteja chai mapajani, kwa sababu upande ule haupo tena. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyokula, wifi, unaanzia pembeni. Daktari amenieleza bila kunizungusha: matone yakikatika, mwaka mmoja, miwili, basi. Na matone haya nje ya hospitali ya jeshi siyawezi. Hata nikishona suruali za jeshi zima siyawezi.

Pensheni wagawe wanavyojua. Nikipewa kidogo nitaishi kidogo, si mara ya kwanza. Lakini macho nikipoteza, na kazi imekwisha, na nyumba ya kambi nimetolewa, nitakaa wapi? Kwako? Kwa huyo mtoto ambaye hata hajaanza kulipwa?

Kaka yako ni kaka yako, sikatai. Ila mimi nilikuwa wifi yako kabla hajapata hata tepe moja. Ulinifundisha wewe kupika kwa ajili yake, na kudanganya kwa ajili yake. Nijibu moja. Unakuja, au huji?


11 Juni

Wifi,

Nakusalimu. Sisi huku tupo. Mashine imetengenezwa, sasa pasi ndiyo imeharibika.

Barua yako aliniletea mkononi yule mtu wa viatu, na bahasha niliiona kabla ya kuifungua. Siku zote unaandika Mama Kidoti. Safari hii umeandika jina langu la kwenye kitambulisho, kama mtu wa kodi. Nikaiweka juu ya kabati. Ilikaa huko siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

Kaka alikuja mwenyewe. Amekonda. Alikaa pale kwenye kiti chako akanywa maji glasi mbili. Halafu akasema nikitoa ushahidi, jeshi litajua aliwadanganya miaka sita, atavuliwa cheo au atafukuzwa miezi michache kabla ya kustaafu, na hiyo pensheni mtagawana hewa. Akasema na mimi nitaulizwa kwa nini niliazimisha kitambulisho. Nilimwuliza, wifi yangu akipofuka je? Akaangalia glasi. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, nilimbeba mgongoni. Sikumfukuza. Nilimfungia chapati akaondoka.

Usidhani namwogopa yeye, wala polisi. Ngoja nikwambie, kwa kuwa kwenye simu nisingeweza. Mume wangu aliniacha kwa sababu sizai, hilo dunia nzima inalijua, lakini kwenye mtaa huu hawalijui. Nilihamia hapa nikiwa na mtoto wa wiki tatu na cheti chenye jina langu. Tangu siku ile mimi ni Mama Kidoti. Kazini ni Mama Kidoti. Muuza mkaa, mwenye nyumba, mhasibu wa hospitali, wote. Yeye mwenyewe Kidoti huwa anatania kwamba ana mama wa nyumbani na mama wa cheti. Mnacheka. Na mimi nacheka.

Unaniomba nisimame mbele ya watu niseme sijawahi kuzaa. Najua ni kweli. Najua na macho yako ni ya kweli. Naomba usiniandikie mwezi huu.


9 Julai

Mama Kidoti,

Mwezi umeisha, naandika.

Ile bahasha niliiandika kwa hasira. Nilijua nafanya nini, na nimeona aibu. Basi.

Kidoti hajambo, yuko wodi ya watoto kwa mazoezi. Ametapikiwa siku ya kwanza na bado anaipenda. Mimi hali si mbaya sana. Mchana naona, jioni nahesabu ngazi kwa mguu.

Kesi ilisikilizwa juzi. Chumba cha mahakama kina feni moja inayozunguka ikijisikia, na benchi za kuvunja kiuno. Wakili wa kaka yako akaita shahidi. Nikaona anaingia mzee mwenye suti na fimbo. Unajua ni nani? Koplo wa pengo! Pengo ameliziba kwa jino la dhahabu. Akaapa, akaulizwa kama ananifahamu, akasema ananifahamu sana, mimi ni dada wa mdai, tena alinichumbia akakataliwa. Watu wakaangua kicheko. Hakimu mwenyewe alijifunika mdomo na faili. Mzee wa watu hajasema uongo hata neno moja, ndivyo tulivyomwambia wenyewe, na alipopita karibu yangu alinipa mkono akaniuliza, "Dada, kaka yako amekukosea nini mpaka mnashtakiana?" Nilitamani kucheka na wewe.

Halafu wakatoa cheti cha Kidoti. Wakili wao akasema, hata huyo mtoto anayedaiwa kuwa wa ndoa ya mwanzo si wa huyu mama, ana mama yake. Kaka yako alikuwa anaangalia dirishani. Namjua, akiona aibu hutafuta dirisha.

Wakili wangu aliinuka. Ameomba siku nyingine, ni tarehe kumi na tisa ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi.

Sikuombi tena, wifi. Uliyoniambia nimeyasoma mara nyingi, na kila nikisoma nakuta una haki. Sikuwahi kukuuliza mambo yalikuwaje kwako siku niliyokuja kumchukua mtoto. Nilikuja na begi, nikambeba, nikakushukuru, nikaenda. Alilia njia nzima akimwita mama, na si mimi aliyekuwa anamwita. Nilijua, na sikukwambia.

Macho ni yangu, nitajua la kufanya.

Wifi yako


27 Agosti

Wifi yangu,

Umeondoka bila hata kunywa maji! Nimetoka pale mlangoni nakutafuta, Kidoti kakimbia mpaka barabarani na viatu vyako vile, wapi. Hata salamu ya mkono hukunipa. Nimekasirika mpaka leo, na nimekushukuru mpaka leo, sijui nianze na lipi.

Sikutegemea. Ulipoingia na lile gauni la bluu nililokushonea nilidhani ni mtu mwingine, maana upande wa kulia mimi naona ukungu tu. Kidoti ndiye aliyeninong'oneza, "Mama, shangazi huyo." Nikashika benchi.

Ulisema vizuri. Ulisema sebule, ulisema wazee wale wawili na walikokaa, ulisema mvua iliyonyesha na sinia lililomwagika. Hata kaka yako kwenye habari ya sinia alitikisa kichwa kukubali, akasahau kwamba yuko upande mwingine. Wakili wake alikukazia macho kuhusu kitambulisho ukamjibu, "Ndiyo, nilimpa mimi, na sikulazimishwa."

Kilichoniuma ni pale alipokuonyesha cheti. Akakuuliza kama jina ni lako, ukasema ni langu. Akakuuliza basi huyu mtoto ni wa nani. Ukamwonyesha mimi kwa kidole. Na hakimu, sidhani alikuwa na ubaya, alikuwa anajaza karatasi zake tu, akauliza, "Shahidi, wewe una watoto wangapi?"

Karani akainua kichwa. Halafu ukasema, "Sina, mheshimiwa."

Wifi, nimeshafanyiwa mengi na watu, mema na mabaya. Kitu kama kile sijafanyiwa na mtu. Kidoti alinibana mkono mpaka nikaumia. Hakulia pale. Alilia usiku, akaniambia nisikwambie. Nimekwambia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako


5 Oktoba

Wifi,

Nimengoja majibu sijaona, nikasema niandike tena. Labda ni kazi, labda ni pasi. Labda hutaki kuniona, na hilo nitalikubali.

Hukumu imetoka. Mahakama imeitambua ndoa ya sebuleni. Talaka imepita. Pensheni nimepata fungu la miaka yote ishirini na moja, na kadi ya matibabu nabaki nayo mpaka kufa. Juzi nimekwenda kuchukua matone, karani wa dirishani akaitazama kadi, akanitazama mimi, akagonga muhuri. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, kitu ambacho sikufanya mwaka mzima.

Wameamuru pia cheti cha Kidoti kirekebishwe. Tumeitwa ofisi ya usajili tukapewa kipya. Nilikuwa nadhani nitafurahi kukiona. Kidoti alikikunja mara nne akakitia mfukoni, akaniuliza kama kile cha zamani wanakichoma. Karani akasema wanakihifadhi. Akasema, "Vizuri," akatoka nje.

Kaka yako hakufungwa wala hakufukuzwa. Kamanda alimwita, akamgombeza, akamshusha kutoka sajini hadi koplo, na atastaafu hivyo. Fungu lake limepungua, langu nalo limepungua. Alivyokwambia hakukosea sana.

Alikuja na shati. Fundi wa kambi ni mimi, angelipeleka wapi? Alisimama mlangoni kama mteja. Tepe zake zote za cheo nilimshonea mimi, ya kwanza kabisa nilimshonea nikiwa dada yake. Nikamwambia akae, akasema atasimama tu. Nilichukua wembe nikaanza kufumua ile ya tatu, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa kuwa sioni vizuri nilichelewa, na yeye akasogea akanishikia kitambaa kibaki kimekaza. Tukamaliza hivyo. Alipokuwa anaondoka akauliza, "Macho vipi?" Nikamwambia, nimepata matone. Akasema, "Afadhali." Alitaka kulipa, nikakataa. Mashimo ya sindano yamebaki kwenye shati, hayo hayaondoki hata likipigwa pasi.

Kambini natoka mwisho wa mwezi. Nimepata chumba nyuma ya soko chenye dirisha kubwa. Anwani ninaiandika mgongoni mwa bahasha. Mbele nilikaa na kalamu muda mrefu, sikujua niandike nini. Baada ya yote yale mahakamani niliona si haki kukuandikia jina ambalo mimi ndiye niliyekufanya ulikane. Nikaandika la kitambulisho. Usidhani ni hasira.

Wifi yako


20 Novemba

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kwa kadi, nimefurahi kwa dirisha. Usitie matone ukiwa umesimama, lala chali.

Siku ile sikukimbia kwa kukuchukia. Ningekunywa maji pale ningekaa, na ningekaa ningelia, na Kidoti asingejua aje kwa nani. Basi la kurudi lilikuwa saa tano. Kazini niliingia zamu ya jioni, mwenzangu akaniuliza, Mama Kidoti, ulikuwa wapi? Nikamwambia nilikwenda kwa wifi yangu.

Nimeumia. Sitakudanganya. Sijajuta, ila nimeumia, na sijui kama inaisha. Kaka nilimpigia mimi. Tulizungumza habari za mvua.

Kidoti alikuja wiki iliyopita bila taarifa. Alilala siku mbili. Alikula, alifua, aliniambia miguu yangu imevimba na niiinue nikilala, akaniandikia vidonge vya kununua. Wakati wa kuondoka wanawake wa pale bombani walimwuliza atarudi lini kumwona mama. Akasema Krismasi. Hakuniangalia aliposema, na mimi niliendelea kukinga maji.

Barua yako ya Agosti ilifika vizuri, nilikosa tu nguvu ya kujibu. Hii ya Oktoba nimeipata jana. Imekaa posta mwezi mzima na zaidi. Nilikwenda kuulizia mwenyewe, karani akavuta droo, akasema iko moja ya mtu asiyejulikana, wameuliza mtaa mzima, mpaka kwa muuza mkaa, hakuna anayemfahamu mwanamke huyo. Ilibidi nitoe kitambulisho nimthibitishie kwamba ni mimi. Alishangaa sana.

Kwa hiyo nakuomba, wifi, mambo ya mahakama yabaki mahakamani. Juu ya bahasha andika Mama Kidoti, barua zifike.